Nilistaafu na miaka 52, sasa msimu wa avokado wananiita tena: niweke sahihi au niache?

FundiBaridi, Mikindani

Asalaam aleykum, na wengine wote hamjambo. Nina jambo lina wiki ya pili sasa limenikaa kifuani. Nyumbani tumelizungumza mpaka tumelichoka, nikaona nililete kwenu wenzangu mliotangulia kustaafu, hasa nyinyi wa Mombasa mnaozijua hizi kazi zetu za depo na bandari.

Mimi ni fundi wa kontena za baridi, zile tuziitazo rifa. Kazi hiyo nimeifanya miaka 26, mingi kati yake kwenye depo moja upande wa Changamwe. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kupunguza watu, ikasema aliyefika miaka 50 anaweza kuomba kustaafu mapema kwa hiari yake. Nilikuwa na 52. Niliomba mwenyewe, sikusukumwa na mtu. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kukataa ngazi, na nilikuwa nimechoka na zamu za kulala mchana watoto wakicheza dirishani. Desemba nikaaga. Mfuko wa pensheni ulinipa theluthi moja kwa mkupuo, theluthi mbili zikanunua pensheni ya kila mwezi, shilingi 23,400. NSSF sijaigusa mpaka leo.

Ile theluthi niliimwaga Utange, kwenye vyumba vinne vya kupangisha. Kuta zimesimama, linta imefungwa, mabati bado. Pesa ziliishia hapo. Masika ya mwaka jana mvua ilinyesha ndani ya vyumba vyangu nikiitazama, na masika mengine ndiyo haya yako mlangoni.

Sasa hiyo kazi. Mwanzoni mwa mwezi huu, Ijumaa baada ya swala, alinipigia simu kijana niliyemfundisha mwenyewe. Alikuja depo na miaka 19 hajui kushika spana, leo ndiye msimamizi wa zamu. Mpaka sasa huniita Mwalimu. Akaniambia, "Mwalimu, msimu umefunguliwa na mafundi hawatoshi. Wakubwa wanakutaka miezi sita, Aprili mpaka Septemba."

Kwa wasiojua: kontena la baridi haliendi kupakiwa matunda hivi hivi. Likiwa tupu hapa Mombasa, linachomekwa kwenye umeme wa volti 440, mashine inawashwa na kuachwa ijipime yenyewe. Lakini fundi haendi kunywa chai. Unaangalia gesi, unaangalia vijibomba vya kutoa maji kama vimeziba, unapitisha mkono kwenye mpira wa mlango kuona kama unavuja, unaisikiliza kompresa. Kompresa inayokaribia kufa ina mlio wake, na mlio huo hauandikwi kwenye kioo cha mashine. Avokado husafiri kwenye nyuzi 5 hivi. Ukiizidishia baridi, nyama yake ndani inageuka nyeusi. Ukiipunguzia, inaivia melini na kufika Ulaya ikiwa uji. Na tangu meli nyingi zianze kuikwepa Bahari ya Sham mwisho wa 2023, zikazunguka kwa Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari imerefuka sana. Mashine iliyokuwa ikijikokota ikafika, siku hizi haifiki. Ndiyo maana wanatafuta mikono ya zamani.

Nawaambia kweli, niliposikia maneno yale moyo ulinidunda. Miezi 15 hakuna mtu aliyeniuliza chochote kuhusu kompresa.

Lakini yako ya kunitia wasiwasi. Kwanza, kampuni haiandiki watu yenyewe, wanapitia kwa wakala wa wafanyakazi. Karatasi niliyotumiwa kwenye simu ni ukurasa mmoja na nusu. Malipo ni 85,000 kwa mwezi. Zamu ni saa 12, siku sita, wiki moja mchana na wiki moja usiku. Inaniita "mkandarasi huru". Imesema mkataba "unaweza kurefushwa kulingana na mahitaji ya kazi", na nikitoka kabla ya kwisha nakatwa malipo ya mwezi mmoja. Nikiumia, hakuna neno hata moja. Mwaka 2016 nilianguka ngazini nikavunjika kifundo cha mkono, wakati ule nilikuwa nimeajiriwa na kila kitu kililipwa. Sasa je?

Pili, kuna maisha niliyoyapata. Naswali Alfajiri msikitini, nikirudi nawasha jiko. Mke wangu anauza mahamri na mbaazi hapo mlangoni petu. Yeye anakanda na kusukuma, mimi nakaanga. Kisha nampeleka mjukuu shule kwa miguu, ana miaka mitano, na njia nzima ni maswali. Haya yote sikuyajua kwa miaka 26.

Mke wangu hajanikataza. Alisema neno moja tu: "Nimelala peke yangu nusu ya ndoa yetu kwa ajili ya zamu za usiku." Kisha akaendelea kuchambua mbaazi.

Naomba waliowahi kurudi kazini kwa mkataba baada ya kustaafu waniambie waliyoyaona. Na anayejua mambo ya kodi na hizi makato anifafanulie huyu "mkandarasi huru" ni nani, na kama pensheni yangu itaguswa. Na je, naweza kuomba karatasi ibadilishwe, au ndiyo wataita mwingine?


KaraniWaGati, Tudor

Waaleykum salaam ndugu yangu. Nimesoma ulivyoandika nikajiona mwenyewe.

Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo gatini, nikastaafu na miaka 55. Sikumaliza hata mwaka nikaitwa mkataba wa miezi mitatu, meli za chuma na ngano zilikuwa zimepangana kule nje. Nikaingia. Miezi mitatu ikaisha, nikaambiwa, "Mzee, tumalizie mwezi huu tu." Nikamaliza. "Mzee, mwezi huu tu." Nikahesabu siku moja nikakuta nimefanya miezi 14, na kila mwezi nilikuwa najiambia huu ndio wa mwisho. Sikudhulumiwa pesa, nasema ukweli. Nilidhulumiwa na ulimi wangu uliokuwa ukisema ndiyo.

Katika ile miezi kaka yangu mkubwa alikuwa mgonjwa Faza. Nilimtumia salamu kuwa nikimaliza mkataba nitapanda basi nije nikae naye. Alifariki mwezi wa tisa wa mkataba wangu. Nilifika maziko yamekwisha, maana si unaijua safari ya Lamu, basi, kisha mashua. Siwezi kulisema hili kwa wepesi, na sijamwambia kila mtu. Nakuambia wewe kwa sababu ile sentensi ya "unaweza kurefushwa" nimeiona na nimeitambua.

Mwambie wakala aifute, aandike tarehe. Tarehe kamili, siku, mwezi na mwaka. Wakikuhitaji baada ya hapo, ni karatasi mpya na mazungumzo mapya, na wewe umekaa kwako unakunywa kahawa. Na ile ya kukatwa mwezi ukitoka mapema, iwe pande zote mbili: wao wakikutoa kabla ya wakati wakulipe, na wewe ukitoka utoe notisi ya kawaida. Mkataba wa kuufunga mguu mmoja si mkataba.

Kuhusu saa: 12 mara sita ni 72. Kwa agizo la jumla la mishahara la Kenya, wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Wiki za usiku ndizo hesabu yake ni 60. Kwa hiyo katika wiki zako za mchana pekee, 85,000 yao inabeba saa 20 za ziada ambazo hazijatajwa popote. Gawanya uone saa moja inakupa nini, utaona ile pesa si nene kama ilivyoonekana kwenye simu.

Na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Wewe ni wa miezi sita. Huombi hisani ukitaka karatasi yenye maneno kamili.


BintiHesabu, Ganjoni

Ami, hujambo. Mimi naandika vitabu vya hesabu vya kampuni ndogondogo, na kila mwaka ikifika Juni wananijia wazee wa aina yako wameshika karatasi za KRA, mamlaka ya kodi, wakiwa na hofu. Nitajibu la kodi.

Pensheni yako haitaguswa. Ile ni yako, umeifanyia kazi, na kurudi kazini kwa mtu mwingine hakuisimamishi. Kwa 23,400 haikatwi kodi pia.

Sasa "mkandarasi huru". Neno hilo maana yake ni kwamba wewe ni biashara inayomuuzia wakala huduma. Atakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA, yaani 4,250 kwa mwezi, wewe upokee 80,750. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Wanadhani asilimia 5 ndiyo kodi yote. Sivyo Ami, hayo ni malipo ya awali tu. Kwa miezi sita utakuwa umelipwa 510,000. Kwa viwango vya 2025 kodi ya mwaka ya kiasi hicho, baada ya kutoa nafuu ya 28,800 anayopewa kila mtu, ni kama 61,600. Watakuwa wamekukata 25,500. Kwa hiyo mwakani utadaiwa kama 36,000 zaidi, za kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, ingawa siku ya mwisho ya kujaza ritani ni 30 Juni. Kama hukuzitenga, utazitafuta wapi wakati zimeshageuka mabati? Ukiingia kwa njia hiyo, kila mwezi weka 6,000 kando usiziguse. Na risiti za vifaa unavyonunua mwenyewe kwa ajili ya kazi uziweke, hizo zinapunguza.

Ukiandikwa kama mwajiriwa wa muda maalum, makato ni mengi zaidi na yanauma kila mwezi: PAYE, yaani kodi ya mshahara, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, asilimia 1.5 ya nyumba za serikali. Kwa viwango vya 2025, kwa 85,000 utabaki na kama 61,500 mkononi. Najua ukiziangalia hizo namba mbili, 80,750 na 61,500, jicho linakwenda kwenye ya kwanza. Lakini tazama unachokiacha. Mwajiriwa ana siku za likizo zinazohesabika, anaongezewa NSSF na mwajiri shilingi kwa shilingi, na kubwa zaidi kwako wewe wa ngazi na umeme wa volti 440, yuko chini ya WIBA. Ile sheria ya fidia ya walioumia kazini, ya 2007, inamlazimu mwajiri kuwakatia bima waajiriwa wake. Waajiriwa, Ami. Mkandarasi huru akianguka, ameanguka na biashara yake.

Tena nikuambie jambo: jina lililoandikwa juu ya karatasi si mwisho wa maneno. Mtu anayepangiwa zamu, anayevaa ovaroli ya depo, anayetumia vifaa vya depo na kupewa amri na msimamizi, mahakama za kazi humtazama kama mwajiriwa hata akiitwa nani. Lakini kwenda kuthibitisha hivyo mahakamani mkono ukiwa kwenye plasta ni safari ndefu. Afadhali iandikwe sawa kabla hujaanza.

Ulistaafu wakati wa NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHA. Angalia kama umejisajili SHA wewe na mama, usingoje kazi. NSSF kama hujaichukua na huna dhiki, iache ikae, ndiyo ya uzeeni hasa.


Mtaalamu_wa_Likoni

Usirudi mzee. Ulishatoka, umetoka. Mabati utapata tu.


KaraniWaGati, Tudor

@Mtaalamu_wa_Likoni, ndugu yangu, mabati ya vyumba vinne hayapatikani "tu" kwa pensheni ya 23,400. Tumsaidie mtu kwa hesabu.


UmmuKulthum, Kisauni

Samahanini waume, naingia kidogo, maana mmezungumza karatasi, kodi na saa, na yule mama anayechambua mbaazi mmempita.

Mume wangu alistaafu mapema kwenye hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini, alikuwa mpishi. Akaitwa Desemba na Januari, wageni wamejaa. Nilikubali kwa roho safi, miezi miwili si kitu. Kilichoniumiza ni kwamba aliporudi kazini, mimi nilirudishwa nilikokuwa zamani bila kuulizwa. Yale tuliyokuwa tukifanya pamoja, kwenda Kongowea alfajiri kununua, kukaa barazani jioni, yote yakawa yangu peke yangu siku moja hadi nyingine. Hakuna aliyesema, "Bibiye, nani atakaanga?"

Ndugu FundiBaridi, nani atakaanga? Nakuuliza kwa dhati. Mahamri ni biashara, na wewe sasa ni nusu ya hiyo biashara. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, mkeo ama atapunguza unga ama atatafuta msichana wa kumlipa. Hiyo nayo ingia nayo kwenye hesabu, chini ya zile za Binti. Na usiku, je? Goti lako unalijua, lakini yeye ndiye anayelisugua mafuta.

Mimi sikuambii ukatae. Nakuambia kabla ya kwenda kwa wakala na masharti yako, nenda na yake pia. Muulize siku gani anazitaka, naye akizisema, ziandikwe kwenye ile karatasi ya wakala kama tarehe zilivyoandikwa.


Kijana_Miritini

Shikamoo mzee. Mimi sina ushauri, nina ombi na moyo mzito kidogo.

Nilisomea friji na viyoyozi, nina mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na mwaka wa pili huu nafanya vibarua. Leo friji ya duka, kesho kupaka rangi. Depo nimepeleka barua mara tatu. Wanasema wanataka mtu mwenye uzoefu wa rifa. Sasa uzoefu nitautoa wapi kama haniingizi mtu? Nikisoma kwamba hawana mafundi wa kutosha mpaka wanaita waliostaafu, nahisi uchungu, wallahi, si kwako mzee. Uliyeandika habari ya mlio wa kompresa, huo mlio sisi hakuna aliyetusikilizisha. Chuoni tulikuwa na mashine moja ya kufundishia, tena ya friji ya nyumbani, watu arobaini tumeizunguka.

Ukirudi, basi usiingie peke yako. Ni hilo tu.


FundiBaridi, Mikindani

Nimesoma yote mara mbili. Mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti. Ya Ummu Kulthum alinitaka niyarudie.

KaraniWaGati, Mungu amrehemu kaka yako. Sikutegemea mtu afungue kifua chake namna ile kwa ajili ya swali langu. Mimi nina mama yangu Vanga, ana miaka 81, na tangu nistaafu nimekwenda kwake kila mwezi. Sikuwa nimeliweka hilo kwenye mizani hata kidogo mpaka nilipokusoma.

Binti, nimeandika hesabu zako kwenye daftari la mahamri. Kijana wa Miritini, marahaba. Nipe siku chache.


FundiBaridi, Mikindani

Narudi na habari, siku tisa baadaye.

Nilimuuliza mke wangu kama nilivyoelekezwa. Nilidhani atasema sitaki usiku, kisha anyamaze. Alikuwa na orodha kichwani. Usiku hapana. Ijumaa na Jumapili hapana. Na isipite Julai, kwa sababu Agosti binti yetu anajifungua na yeye atakwenda Malindi kukaa naye arobaini, basi mjukuu na nyumba vitabaki kwangu. Haya yote alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na mimi sikuuliza.

Tukapiga hesabu pamoja. Mabati, mbao na fundi wa paa, nilikuwa nimepewa bei ya 148,000. Hilo ndilo ninalolihitaji. Sikuhitaji miezi sita ya saa 72, nilikuwa nimeiangalia ile 85,000 kwa sababu ndiyo niliyoandikiwa.

Jumatano nikaenda kwa wakala. Nilivaa kanzu safi, nikabeba karatasi yao na yangu. Aliyenipokea ni mwanamke wa makamo, ana heshima zake, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia: miezi minne, Aprili mpaka tarehe 31 Julai, siku tano kwa wiki, Ijumaa na Jumapili zangu, saa moja asubuhi mpaka saa kumi, mchana tu. Niandikwe mwajiriwa wa muda, makato yote yakatwe, na jina langu liwe kwenye bima yao ya WIBA kabla sijapanda ngazi ya kwanza. Neno "kurefushwa" litoke. Akaniuliza, "Na pesa mzee, unataka ile ile?" Nikamwambia sitaki pesa ya saa nisizofanya, nipe 60,000. Aliandika.

Kisha nikasema la mwisho, na hili ndilo nililolisema kwa nguvu zaidi. Nikamwambia miaka 26 hiyo mnayoinunua iko masikioni na vidoleni, na Agosti nitaondoka nayo tena, mwakani mtanipigia simu tena, na mwaka wa kufuata, mpaka goti likatae kabisa. Niwekeeni kijana mmoja kila siku nikiwa kazini. Nitampimisha kontena kwa mkono wake, nimsikilizishe kompresa nzima na kompresa mbovu mpaka azitofautishe akiwa amefumba macho. Alinitazama kidogo, akasema hilo si la wakala, ni la depo.

Nikampigia yule kijana wangu msimamizi. Alicheka kwa furaha, akasema, "Mwalimu, na mimi si ulinifundisha hivyo hivyo?" Jana wakanijibu. Tarehe wamekubali, mchana tu wamekubali, ajira na bima wamekubali, pesa wamerudisha 58,000 nami nimeridhika. Ijumaa wamesema nitoke saa sita nikaswali nisirudi, badala ya siku nzima. Na nafasi ya mwanafunzi mmoja ipo, kwa malipo ya kibarua, miezi minne. Hawajaahidi zaidi ya hapo, nami siwezi kumuahidi zaidi ya hapo.

Kijana wa Miritini, niandikie faraghani. Uje na karatasi zako za NITA, kitambulisho, na viatu vya usalama kama unavyo. Kama huna, nitaona vyangu vya zamani kama vitakufaa, mimi navaa namba tisa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa pale stendi ya Changamwe, twende pamoja.

Mahamri tumekubaliana hivi: siku za kazi atakaanga dada yake mdogo kwa 300 kwa siku, Jumamosi na Jumapili nakaanga mimi, kwa hiyo Jumamosi nitaingia kazini saa tatu, nalo limeandikwa. Kwa mama Vanga nitakwenda Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, nikimaliza kukaanga.

Kalenda iko ukutani jikoni. Mke wangu ameizungushia wino tarehe 31 Julai, mara mbili, kisha ameniita nikamshikie sufuria.